Mtoto ndo pensheni yangu? Maneno niliyoongea kwenye mkutano wa SACCOS

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano mkuu wa SACCOS yetu. Baadhi ya wanachama waliomba niyaandike wawatumie ndugu zao, basi nimeyaandika vilevile yalivyotoka mdomoni, msianze kunisahihishia Kiswahili.

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa bodi, ndugu wanachama. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana marahaba, na nyie mliokaa kule nyuma mnachati nawaona, nawasalimia pia.

Nimepewa mada ya maandalizi ya kustaafu. Najua mmezoea, mtu akija kuongelea kustaafu anaanza na kikokotoo, ile fomula ya kupigia mafao ya mkupuo, mara asilimia 33, mara 40, watu wanaguna, mzee mmoja anasimama anatoa hasira zake, halafu tunaenda kula. Leo sigusi kikokotoo. Mi nimefundisha jografia miaka yote, mnanijua, na kitu nilichokuwa nafundisha kila mwaka hakijanitoka kichwani ni habari ya idadi ya watu, kwa iyo nitawapitisha Korea Kusini kwanza kisha tutarudi hapa hapa kwetu kwenye mfuko wako.

Korea Kusini mwaka 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 0.72. Hata mmoja hafiki! Mwaka 2024 ukapanda kidogo ukafika 0.75 na magazeti yao yakaandika kama habari njema. Sasa ili watu wasipungue, bila kuhesabu wahamiaji, unahitaji kama 2.1 hivi. Wawili wa kuwarithi baba na mama, na hiyo pointi moja ni kwa sababu wapo watoto wanaofariki kabla ya kukua, na pia kwa kawaida wavulana wanazaliwa wengi kidogo kuliko wasichana. Ukiwa juu ya hapo mnaongezeka, ukiwa chini ya hapo muda utafika mtapungua, hakuna uchawi.

Wale mliokuwa mnakimbia hesabu leo mtanivumilia. Chukua wakorea 200, wanaume 100 na wanawake 100. Kwa hiyo 0.72 watazaa watoto 72. Hao 72 nusu yao ni wasichana, 36, nao wakizaa vilevile unapata wajukuu 26. Wajukuu wakizaa vilevile unapata vitukuu 9. Watu 200, vitukuu 9. Na hapo hakuna vita, hakuna njaa, hakuna ugonjwa, watu wanakula vizuri na umri wao wa kuishi ni kati ya mirefu duniani.

Sasa mtu atasema hao ni wazungu wa Asia, mambo yao wenyewe. Subiri. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea alikuwa anazaa watoto kama 6. Sita, kama bibi yako. Nchi imetoka vitani, maskini kweli kweli, na serikali yao ikaogopa kwamba watu watazidi chakula, wakaanzisha uzazi wa mpango kwa nguvu zote. Miaka ya 70 mwanaume akifunga uzazi alikuwa anapata kipaumbele kwenye kugawiwa fleti, na wale wa jeshi la akiba walisamehewa mazoezi. Miaka ya 80 mabango yakasema hata wawili ni wengi. Ilivyofika 1983 walishashuka chini ya 2.1, wametoka sita mpaka wawili kwa miaka 23 tu, na mabango yakaendelea kubandikwa, hakuna aliyeshtuka. Leo serikali ileile inatoa kipaumbele cha fleti kwa wenye mtoto mchanga. Ukisoma unacheka halafu unaacha kucheka.

Hela wamemwaga. Tangu 2006 wametumia zaidi ya dola bilioni 200 kwa posho za watoto, chekechea, likizo za uzazi, kila kitu. Mwaka 2024 kuna kampuni ya ujenzi kule inaitwa Booyoung ilitangaza inampa mfanyakazi won milioni 100 kwa kila mtoto anayezaliwa, wakati huo ilikuwa zaidi ya dola elfu 70, hapa kwetu ukitangaza hivyo nadhani hata mimi na umri huu ningeulizia masharti. Lakini kule hata kwa hela zote hizo wastani wa nchi haujarudi hata kwenye mtoto mmoja.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, ila mi naona ukiziangalia zote zinarudi kwenye gharama ya kumlea mtoto mmoja awe mtu, na nani anabeba hiyo gharama. Kule mtoto akitoka shule jioni anaenda tuisheni, akitoka tuisheni ya hesabu anaenda ya Kiingereza, mpaka usiku, na mzazi asiyelipa tuisheni anajiona kamwonea mwanae maana mtihani wa chuo kikuu ni siku moja na maisha yote yanategemea siku hiyo. Nyumba Seoul haishikiki. Kazini masaa ni marefu, mwanamke akizaa anarudi nyuma kimaisha, na akirudi nyumbani kazi za ndani ni zake peke yake. Na kuzaa nje ya ndoa kule bado ni jambo kubwa, kwa iyo asiyeolewa hazai, na wadada wengi wameamua kuolewa siyo lazima. Kwa msichana aliyesoma, anayejilipia kodi yake, hesabu haiji. Mi siwezi kumlaumu.

Lakini kitu cha Korea kilichonifanya nilete habari hii hapa SACCOS ni wazee. Ukienda Seoul, mji wenye simu na magari ya kila aina, utakuta vikongwe barabarani wanasukuma mikokoteni ya maboksi. Bibi kapinda mgongo, kajaza maboksi yaliyokunjwa yanamzidi urefu, anapeleka kwenye kituo wanapopima kilo wanampa visenti. Wanaokota maboksi ya madukani, siku nzima. Na Korea ni nchi tajiri, lakini kama wazee 4 kati ya 10 wanahesabika maskini, kwenye zile nchi tajiri hakuna inayowafikia.

Wamefikaje pale? Hawa ndo wale waliozaliwa enzi za watoto sita. Walifanya kazi viwandani, hawakuwa na pensheni kwa sababu mfuko wa taifa wa pensheni kule ulianza 1988, wengi wao walikuwa wameshachelewa au hawakuwemo kabisa. Akiba yao yote waliiweka kwa mtoto. Waliuza ng'ombe, waliuza shamba, mtoto asome, maana mtoto ndo pensheni. Utaratibu ulikuwa hivyo tangu mababu na ulikuwa unafanya kazi. Halafu mtoto kasoma kweli, kapata kazi kweli, lakini mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba na tuisheni ya mtoto wake mmoja. Siyo kwamba ana roho mbaya, hana tu. Mzee akabaki na mkokoteni.

Nimewaona mmenyamaza. Hebu tuje nyumbani.

Mama yangu alizaa tisa, tukakua saba. Tuna grupu la WhatsApp, kila mwezi kila mmoja anatuma elfu 30 kwa ajili ya mama, dawa za presha, dada wa kazi, umeme. Saba mara elfu 30 ni laki mbili na elfu kumi. Mmoja akikwama mwezi huu sita wanaziba, kelele kidogo kwenye grupu lakini yanaisha. Mimi nina watatu. Kwa mahitaji yaleyale kila mmoja atatoa elfu 70, na hapo wote wawe na kazi, mnajua wenyewe hali ya ajira. Binti yangu mkubwa ana mmoja na kasema amefunga ofisi. Huyo mjukuu wangu siku moja atakaa na simu mkononi, laki mbili na elfu kumi za mama yake peke yake kila mwezi, na akioa ambaye naye kazaliwa peke yake, wakwe nao wanasubiri. Hapo gharama haijapanda hata shilingi! Kizazi kimoja tu cha kati hapo, yaani mimi na nyie mliokaa hapa, ndo kinalipa pande zote mbili, kinalipia wazazi kwa utaratibu wa zamani na kinalipia ada za watoto kwa utaratibu mpya, halafu zamu yetu ikifika hatujui nani atalipa.

Msiseme ni mambo ya mjini tu. Kenya, utafiti wao wa mwishoni mwa miaka ya 70 ulikuta mwanamke anazaa watoto 8, walikuwa kati ya waliokuwa juu kabisa duniani. Ule wa 2022 ukakuta 3.4. Nairobi ni kama 2.5, wakati Mandera bado wako zaidi ya 7, nchi hiyohiyo moja. Sisi Tanzania tulikuwa 5.2 kwenye utafiti wa 2015-16, ule wa 2022 ukatoa 4.8, na mijini ni 3.6 wakati vijijini ni 5.5. Kwa iyo tunashuka, polepole kuliko jirani, lakini tunashuka.

Na tunashuka kwa sababu nzuri, hilo nalisema kwa nguvu. Kwanza watoto hawafi kama zamani. Mwaka 1999 hapa nchini katika kila watoto 1,000 waliozaliwa kama 147 walikuwa hawafikishi miaka mitano. Mwaka 2022 ni 43. Bado ni wengi, lakini angalia tofauti. Bibi yangu alikuwa anazaa huku akijua baadhi watarudi kwa Mungu, hakuwa mjinga, alikuwa anafanya hesabu yake. Mama akiwa na uhakika watoto wake watakua hana haja ya kuzaa wa akiba. Pili wasichana wanasoma. Tatu, huduma za uzazi wa mpango zipo, wale wa umri wangu mnakumbuka matangazo yake ya Nyota ya Kijani redioni miaka ya 90, UMATI nao, chama cha uzazi na malezi bora, walikuwepo tangu kabla ya uhuru. Hakuna aliyemshika mtu mkono kwa lazima hapa kwetu, na ndo maana nasema ni sababu nzuri.

Lazima tuelewane na kitu kingine, maana hapa ndo watu wanachanganya. Wastani kushuka haimaanishi watu wanapungua kesho. Sensa ya 1967 tulikuwa milioni 12 na kidogo. Sensa ya 2022 tulikuwa 61,741,120. Na zaidi ya watu 4 kati ya 10 walikuwa chini ya miaka 15. Wale mliopita darasani kwangu mnakumbuka nilivyokuwa nachora ile piramidi ubaoni, chini pana juu nyembamba. Hao wa chini wameshazaliwa, hata kila mmoja akisema nazaa wawili tu, wazazi wenyewe ni wengi kiasi kwamba nchi itaendelea kukua miaka mingi. Umoja wa Mataifa walishasema zaidi ya nusu ya ongezeko la dunia mpaka 2050 litatoka kwenye nchi nane tu, DR Congo, Misri, Ethiopia, India, Nigeria, Pakistan, Ufilipino na sisi Tanzania. Kwa iyo mabenchi bado hayatoshi, madarasa bado yanajengwa, na huku tuisheni tayari zimeshaanza, mtoto wa la nne anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Dunia nzima hali ikoje? Tulifika bilioni 8 Novemba 2022. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema tutafika kama bilioni 10.3 kwenye miaka ya 2080 na kitu, hapo ndo kilele, baada ya hapo tunaanza kushuka taratibu. Wastani wa dunia nzima ulikuwa kama watoto 5 miaka ya 60, sasa ni 2.25. Zaidi ya nusu ya nchi zote ziko chini ya ile 2.1. China imeanza kupungua 2022 na India wakaipita 2023. Na hawa China walikuwa na sheria ya mtoto mmoja mpaka 2015, mwaka 2016 wakaruhusu wawili, 2021 wakaruhusu watatu, mlango umefunguliwa na watu hawaingii. Japani mwaka 2024 kampuni ya Oji ilitangaza inaacha kutengeneza pampasi za watoto kwa soko la kule, inabaki na za watu wazima. Hata Brazil, Thailand, Uturuki, Emirates hapo jirani na dada zetu wanakofanya kazi, wote chini ya 2.1. Siyo jambo la matajiri tena.

Na Thailand ndo ingetutisha zaidi ya Korea kama tungekuwa tunaangalia. Wao pia miaka ya 60 walikuwa wanazaa sita na zaidi. Wameshuka mpaka kama Ulaya, lakini hawajatajirika kama Ulaya. Posho ya serikali ya wazee kule inaanzia baht 600 kwa mwezi, kama dola 17 hivi. Wamezeeka kabla ya kutajirika. Korea angalau walitajirika kwanza, na bado maboksi yanaokotwa.

Shida ya hii kitu ni spidi. Ufaransa ilichukua miaka 115 wazee wa miaka 65 na kuendelea kutoka 7 kati ya 100 mpaka 14 kati ya 100. Walianza 1865 wakafika 1980. Kwenye miaka 115 unaweza kugombana bungeni, ukajenga mifuko, ukakosea ukarekebisha, ukapigana na vita mbili za dunia hapo katikati. Japani miaka 24. Korea miaka 18! Mtoto aliyezaliwa siku wanaingia 7, siku anafikisha miaka 18 nchi iko 14. Desemba 2024 wakapita 20. Sisi sa hivi wazee wetu wa 65 hawafiki hata 5 kati ya 100, kwa iyo mtu anaona una haraka gani mwalimu. Haraka yangu ni kwamba waliotutangulia juzi wamekimbia kuliko waliotangulia zamani, sioni kwa nini sisi tutembee.

Kuna kambi mbili zitanipinga, nizijibu harakaharaka.

Kambi ya kwanza ni ya tuzaane ardhi ipo. Hayati Rais Magufuli mwaka 2018 alisema hadharani watu waachane na uzazi wa mpango, wengi walimpigia makofi, na wapo humu ndani wanaokubaliana naye mpaka leo, ni haki yao. Mi nasema amri ya namna hiyo haijawahi kudumu popote. Romania, Oktoba 1966, mtawala wao Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba kwa karibu wanawake wote na njia za uzazi wa mpango zikawa hazipatikani. Mwaka uliofuata wastani ulipaa kutoka kama 1.9 mpaka 3.7, wakafurahi. Halafu watu wakatafuta njia za panya, wastani ukaanza kushuka tena mwaka hadi mwaka, wanawake wanapimwa viwandani kama wana mimba kama vile ng'ombe wa serikali, maelfu wakafa kwenye utoaji mimba wa vichochoroni, na vituo vya yatima vikajaa. Desemba 1989 walipomwondoa, ile amri ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kufutwa. Serikali inaweza kumzuia mtu asizae, China walionyesha na walionyesha vibaya. Kumfanya azae na amlee, hapo hakuna aliyefanikiwa. Hungary wamesamehe kodi ya mapato maisha yote kwa mama wa watoto wanne tangu 2020, wastani ulishapanda kutoka kama 1.25 mpaka karibu 1.6, sasa umerudi chini ya 1.4.

Kambi ya pili ni ya matajiri wa mitandaoni wanaosema binadamu tunaisha. Hatuishi. Bilioni 10 siyo watu wa kuisha. Na mi sioni ubaya wowote dunia ikija kuwa na watu wachache kidogo, maji yatatosha, misitu itapumua. Ubaya uko kwenye kushuka ghafla wakati mipango yote ya uzee imejengwa juu ya kudhani watoto watakuwa wengi siku zote. Sasa hivi sote tunaongea kuhusu watoto wakati swali lenyewe ni la wazee.

Halafu kuna dada mmoja wakati wa chai kaniuliza, mwalimu si ndo fursa hiyo, wakipungua wao watatuita. Ni kweli wanaita. Kenya wamesaini makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024, manesi wao walishaanza kwenda Uingereza, Japani wamefungua viza maalum tangu 2019 na kazi za kuhudumia wazee zimo. Anayetaka kwenda aende, aende na mkataba aliousoma. Ila tukae tukijua tunachosafirisha ni nini. Ni mtu uliyemsomesha kwa hela ya shamba, anaenda kumgeuza mzee wa watu kitandani Stuttgart, Ujerumani, huku kwao mama yake anageuzwa na jirani. Hela anatuma, Mungu ambariki, na kuna nyumba nyingi zimesimama kwa hizo hela. Mkono hautumiki kwa simu.

Sasa tufanyeje, maana mwenyekiti kaanza kuangalia saa.

Sitawaambia mzae wangapi. Sijaulizwa na siyo kazi yangu. Nitakachosema ni kwamba anayesema mtoto ndo pensheni yangu afanye ile hesabu ya elfu 30 kwa majina, aandike jina la kila mtoto, kazi yake, kodi yake, ada zake, halafu aone kinachobaki. Wengi mtakuta kinachobaki ni upendo, na upendo ni kitu kizuri lakini duka la dawa wanataka hela.

Nchi nayo ina kazi yake, na wakati mzuri ni sasa hivi tukiwa na vijana wengi, maana mfuko wa wazee unaanzishwa wakati wachangiaji ni wengi na wazee ni wachache. Ukisubiri igeuke umechelewa kama Korea, wao walianza 1988 wakati wazee wao wa leo walishakuwa watu wazima. Wenzetu Zanzibar wametuonyesha. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, awe mvuvi, awe mama wa mwani. Ilianza elfu 20 kwa mwezi, sasa ni elfu 50. Ukiibadilisha kwa dola inaipita kidogo ile ya kuanzia ya Thailand! Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70. Ndogo, zinachelewa, wazee wanalalamika, sawa, lakini bomba limeshatandikwa, siku maji yakiongezeka yatapita. Huku bara mama ntilie, bodaboda, mkulima wa mahindi, akizeeka ni yeye na watoto wake na Mungu wake. Akija mbunge kuomba kura muulizeni hilo, acheni kumuuliza kanga.

Na kina mama wa humu ndani, nimalizie upande huu. Hizi nchi zote nilizotaja, ukiuliza nani alikuwa anatunza wazee bure, jibu ni binti au mkwe. Nani alikuwa analea watoto bure, jibu ni yuleyule. Binti akapata kazi, akagundua anatakiwa alee juu, alee chini, na kazini awahi saa mbili. Akapunguza kile alichoweza kukipunguza, watoto. Kwa iyo kina baba, ukiona binti yako anasema nazaa mmoja, kabla hujaita kikao cha ukoo angalia nani anaosha vyombo kwake. Msinicheke, hii imefanyiwa utafiti, nchi tajiri ambazo wanaume wanashika kazi za nyumbani kwa kawaida wanazaa zaidi kidogo kuliko zile ambazo mume anasubiri chai mezani.

Kwa SACCOS yetu nina pendekezo moja na nimeshalipeleka kwa bodi kwa maandishi. Tufungue akaunti ya uzee, tofauti na hisa na tofauti na akiba, ambayo mwanachama haruhusiwi kuikopea wala kuitoa kabla ya miaka 60, hata kwa ada, hata kwa harusi ya mdogo wake, na hasa kwa harusi ya mdogo wake. Wale ambao hamjaajiriwa, NSSF wanapokea wa kuchangia kwa hiari, fomu nimeomba nyingi, ziko kwenye meza pale mlangoni karibu na maji, chukua na ya jirani yako. Mtakaopinga akaunti ya uzee naomba mpinge kwenye kura, msipinge kwenye grupu usiku.

Mheshimiwa mwenyekiti nimemaliza, ajenda inayofuata ni gawio, na najua ndo lililowaleta wengine humu ndani.